Nimetozwa kibakuli ambacho sikuagiza kwenye izakaya (baa ya Kijapani ya vinywaji na vyakula). Nimepigwa?

Mgeni_Tokyo:
Wakuu habari zenu. Niko Tokyo kimasomo, mwezi wa pili huu. Ijumaa wenzangu wa maabara walinipeleka izakaya jirani na stesheni, ile yenye taa nyekundu ya karatasi mlangoni. Kabla hatujaagiza chochote, dada akatuletea vitaulo vya moto, na kila mtu kibakuli cha figili na samaki, vijiko vitatu hivi. Nikala nikijua ni ya karibu mgeni. Bili ikaja na yeni 400 kila kichwa kwa ajili ya kile kibakuli! Wenzangu wakalipa kimya, nami nikaona haya kuuliza. Nimepigwa kwa sababu ni mgeni? Pia nilitafuna mshikaki wa kitu kigumu kinacholia kwa-kwa-kwa mdomoni. Nini kile?

Babu_wa_Osaka:
Hujapigwa, mkuu. Hicho ni otoshi. Huku Osaka tunaita tsukidashi. Chukulia ni kodi ya kiti, Mjapani naye analipa. Nimeosha vyombo izakaya miaka minne, vile vibakuli nimevisugua mpaka naviota.

Kilichokuwa kinalia ni nankotsu, gegedu la kuku. Yakitori ni mishikaki ya kuku, na hawatupi kitu: momo ni paja, negima ni paja lililopishanishwa na kitunguu cha majani, kawa ngozi, sunagimo firigisi, hatsu moyo. Bonjiri ni kile kimkia chenye mafuta, ambacho kwetu bibi alikuwa anajiwekea mwenyewe. Anza na hicho. Watakuuliza shio au tare. Shio ni chumvi tupu. Tare ni mchuzi wa soya, mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) na sukari. Mchomaji anachovya mshikaki kwenye chungu, anaurudisha kwenye mkaa, anachovya tena, mkono wa pili unapepea. Firigisi na ngozi kula kwa chumvi, tare inaziua.

Sake, ile pombe ya mchele, ukiagiza ya glasi, wengine wanaisimamisha ndani ya kisanduku cha mbao, wanamimina mpaka inafurika. Siku ya kwanza nilimshika mhudumu mkono nikidhani amepitiwa. Ndivyo inavyotakiwa, na iliyomwagika kisandukuni ni yako pia. Ila ina kilevi kama asilimia 15, usiinywe kama bia.

Ukhty_Nagoya:
Kama wewe ni Muislamu, ndugu yangu, usijidanganye kwamba ni kuku tu. Kuku mwenyewe si wa kuchinjwa kwetu, tare na mirin zina pombe, na mara nyingi nguruwe anachomwa jiko hilohilo. Mimi wenzangu wa kazini wakinialika naenda, nakunywa chai ya oolong, nakula edamame, yaani soya changa za kuchemsha. Otoshi nalipa.

Mgeni_Tokyo:
Shukrani sana, wakuu. Halafu hata yule dada hakuelewa nilipomwachia sarafu za ziada mezani, akanikimbilia mpaka stesheni kunirudishia. Babu, otoshi haikataliki kabisa?

Babu_wa_Osaka:
Kuna sehemu, hasa zile zenye matawi mengi, wanakubali ukisema mara tu unapokaa, kabla hakijaletwa. Kwenye vijumba vya viti nane usijaribu, yule mzee atakununia usiku kucha. Na bahashishi achana nayo, huku hawana hiyo.

Mgeni_Tokyo:
Basi Ijumaa narudi, bonjiri mbili kwa chumvi. Gegedu siligusi tena.