Tochi ya betri moja ya AA: NiMH au 14500, na chaja ipi?

Kandili
Wakuu, naomba mawazo yenu. Nina tochi ndogo ya mfukoni, inatumia betri moja ya AA. Niliyokuwa nayo kabla ya hii niliipoteza kwa uzembe: betri ya kutupa ilivujia ndani, nikakuta unga mweupe na springi imeliwa. Sitaki yanirudie, kwa hiyo nahamia betri za kuchaji. Karatasi ya tochi inasema inakubali AA za kawaida, NiMH (za kuchaji za nikeli) na 14500 (za kuchaji za lithiamu, umbo la AA). Naiwasha dakika chache kila usiku, na mara mojamoja inahitajika saa nzima mfululizo. Nichukue ipi?

FundiWaya
Kwa matumizi hayo, NiMH, tena ile aina isiyopoteza chaji ikiwa imekaa tu. NiMH za zamani ulizichaji leo, baada ya miezi michache ukazikuta hoi. Eneloop ya Sanyo ilipotoka mwaka 2005 ndiyo iliyobadilisha mambo, na sasa iko chini ya Panasonic. Unaichaji, unaiweka, mwaka ukiisha bado ina kazi ya kufanya.

Usikimbilie namba kubwa. Eneloop ya kawaida ni kama 2000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba) na Pro ni 2500, lakini Pro inachoka mapema: mtengenezaji ametaja mizunguko 2100 ya kuchaji kwa ya kawaida na 500 kwa Pro. Kwa mtu anayechaji mara kwa mara, ya kawaida ndiyo yenye faida.

Usiogope kuona volti 1.2. Alkalini, ile ya kutupa, inaanza na 1.5 kisha inateremka muda wote unaoitumia. NiMH inashikilia karibu 1.2 hadi inakaribia kuisha, na tochi ikidai umeme mwingi kwa mpigo inautoa bila kulegea.

Mwali
Nampinga FundiWaya kidogo. Mkilinganisha mAh peke yake mnajidanganya, maana volti ni tofauti. Zidisheni mpate Wh, yaani nishati yote iliyomo: NiMH, volti 1.2 mara 2 Ah (ndiyo 2000 mAh), ni 2.4 Wh. 14500 nzuri ya 900 mAh, volti 3.7 mara 0.9, inapita 3.3 Wh. Halafu taa ya LED nyeupe inahitaji karibu volti 3 ili iwake vizuri. Ukiweka NiMH, saketi ya tochi inalazimika kupandisha volti, na hapo kuna nguvu inayopotea. Ukiweka 14500 volti zipo tayari, ndiyo maana mwanga wake wa juu kabisa unaonekana mara mbili na zaidi.

Ila 14500 ya kweli haizidi sana 1000 mAh. Ukiona imeandikwa 2500, iache hapohapo. Hata 18650, betri nyingine ya lithiamu ambayo ni kubwa zaidi, nzuri zake ni kama 3500, lakini kuna watu wanabandika 9900 bila haya.

ZamuYaUsiku
Mwali yuko sawa kuhusu mwanga, lakini kuna jambo linalonikosesha raha: 14500 na AA zina umbo moja. Kwetu kijana mdogo aliitoa 14500 kwenye droo akaiweka kwenye saa ya ukutani. Ikijaa ina volti 4.2, saa ilitaka 1.5. Saa ilikufa siku ileile, nami nikashukuru kwamba ni saa tu. Kama nyumbani kuna mikono mingi inayochukua betri, usiziweke pamoja hata kidogo.

Pili, lithiamu haipendi kukamuliwa hadi mwisho. Ikishuka chini ya volti 2.5 inaharibika, na kuichaji tena baada ya hapo ni hatari. Chukua yenye saketi ya kinga, inayokata umeme kabla haijafika huko, ila pima kwanza, kwa sababu kinga inaongeza urefu na baadhi ya tochi hazifungi.

Kandili
Asanteni sana. Nyumbani kuna watoto, kwa hiyo hilo la saa limenigusa. Na zile za lithiamu za volti 1.5 zenye tundu la USB ubavuni?

Mwali
Kwa vifaa vingine ni nzuri. Kwa tochi sizipendi. Ndani kuna saketi inayoshikilia 1.5 bila kuyumba, kwa hiyo mwanga haufifii kukuonya. Unatembea vizuri, ghafla giza.

Kandili
Basi NiMH. Chaja je? Ninayo moja inayochaji mbili kwa mpigo, ina taa nyekundu tu.

FundiWaya
Hiyo iache, mkuu, na hapa nasisitiza kuliko kwenye betri yenyewe. Chaja za kuchaji mbilimbili huzichukulia betri zote mbili kama moja. Moja ikiwa nusu na nyingine tupu, ya kwanza inaungua huku ya pili haijashiba. Nyingi zinahesabu saa tu na hazijui kama betri imejaa. Wewe unatumia betri moja, kwa hiyo utakuwa unachanganya iliyotumika na isiyotumika kila mara.

Tafuta ambayo kila nafasi inajitegemea. NiMH ikijaa, volti zake hupanda kisha hushuka kidogo sana, na chaja nzuri inalinasa anguko hilo na kukata umeme. Kwa AA ya 2000 mAh chagua ampea 0.5 hadi 1. Ukiichaji polepole mno, anguko linakuwa dogo kiasi kwamba chaja inaweza kulikosa. Betri kupata joto mwishoni ni kawaida, lakini ikiwa huwezi kuishika, chomoa.

Siku ukitaka kujaribu 14500, hakikisha chaja imeandikwa wazi kwamba inachaji lithiamu pia. Lithiamu kwenye chaja ya NiMH pekee ni moto unaoutafuta.

Kandili
Nimeelewa. Nachukua NiMH mbili za kawaida na chaja ya nafasi zinazojitegemea. Moja ndani ya tochi, moja akiba.

ZamuYaUsiku
Ya akiba iweke kwenye kasha la plastiki, usiiache mfukoni pamoja na funguo. Na andika 1 na 2 juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika, uzizungushe kwa zamu, vinginevyo utajikuta unaichosha moja tu.