Uliyesoma seminari au shule ya kanisa: ni kitu gani hasa kilikulea? Tupeane uzoefu

Mama Pacha:
Habari za jioni wakuu. Pacha wangu wamemaliza la saba. Wa kiume amefaulu usaili wa seminari ndogo ya jimbo letu, wa kike amepata nafasi shule ya bweni ya Walutheri. Baba yao anataka wote wawili wasome shule ya kata hapa nyumbani, na hoja anazo.

Matokeo nimeyaona, NECTA, baraza la mitihani, inayatoa na kila mtu anayasoma. Ninachokitafuta hakimo mle. Shule hizi zinafundisha mtaala uleule wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Hesabu ni ileile, baiolojia ni ileile. Sasa Ukristo wenyewe unaingilia wapi? Ni kile kipindi cha dini na ibada ya asubuhi tu, au kuna jambo lingine? Mliosoma huko, mliofundisha, mliopeleka watoto, niambieni mlichokiona kwa macho yenu. Kama kiliwaumiza, semeni pia.

Kengele ya Kumi na Moja:
Dada, mimi nimekaa seminari miaka sita na upadre sikuufikia. Kidato cha kwanza tuliingia 42, leo mapadre ni wanne. Kwa hiyo ondoa hofu kwamba mtoto akiingia ameshatolewa ukoo, walezi wenyewe wanajua wengi watatoka.

Kengele ilikuwa saa 11 alfajiri. Kanisani, sala, tafakari ya kimya, misa, usafi, uji, darasani. Mchana kazi za mikono: bustani, nguruwe, kuni. Jioni prepu, sala ya usiku, halafu kimya kikuu mpaka asubuhi baada ya misa. Kimya kikuu maana yake hata kiatu cha mwenzako ukikikanyaga hamwongei. Mwezi wa kwanza nilidhani nitapasuka. Kufika kidato cha tatu nilikuwa nakisubiri, kwa sababu ndio muda pekee niliokuwa nasikia ninachokiwaza.

Kilatini pia tulisoma. Wengi walikiona mzigo, lakini mimi kilinifungulia majina ya mimea na wanyama kwenye baiolojia, na nikaanza kuelewa kwamba lugha ina mifupa.

Ila ulichouliza hasa ni hiki. Kidato cha pili padre wa fizikia alikuja na karatasi za mtihani, akazigawa, akatoka. Hakuna msimamizi. Akasema atarudi kengele ikilia. Nikaangalia kwa jirani maswali mawili. Hakuna aliyeniona. Kesho yake alfajiri kwenye tafakari, nusu saa nzima sikuweza kukaa. Siku ya tatu nikaenda kumgongea mlango. Hakunichapa, hakuniripoti kwa gombera, yaani mkuu wa seminari. Alitoa karatasi mpya akaniambia kaa pale, fanya. Nikapata 31. Shuleni kwetu 31 ilikuwa aibu, na aliibandika ubaoni kama alama nyingine zote bila kueleza kitu. Leo nafanya kazi ya manunuzi, na kila nikiletewa bahasha naiona ile 31.

Mwalimu wa Nyanda za Juu:
Nafundisha Maarifa ya Biblia mwaka wa kumi na moja sasa, shule ya kanisa mkoani Njombe. Nianze na ukweli usiopendeza: mtoto anaweza kukariri wafalme wa Israeli na safari za Paulo, akapata A, na asibadilike hata kidogo. Mtihani unapima anachokijua, hauna namna ya kupima zaidi. Kidato cha tano na sita somo likiitwa Diviniti ni hivyohivyo. Mimi mwenyewe nilifundisha kwa kukaririsha miaka minne ya kwanza, na matokeo yangu yalikuwa mazuri sana.

Nilibadilika tulipofika kwa nabii Amosi, sura ya 8, anapowakemea wanaopunguza kipimo na kupunja kwa mizani ya udanganyifu. Niko mbele ya watoto wa wakulima wa viazi! Nikamwomba mwalimu wa hesabu tuunganishe vipindi viwili, tukaenda barabarani wanakopakia. Tulipima gunia moja la lumbesa, lile linaloongezewa kichwa kwa kamba. Gunia kisheria halitakiwi kuzidi kilo 100. Lile lilikuwa na 143. Watoto wakapiga hesabu wenyewe: mkulima akiuza magunia 20 ya aina hiyo, ametoa bure kilo 860. Darasa likanyamaza. Wengi walikuwa wanahesabu ya kwao.

Binti mmoja akabaki nyuma tulipokuwa tunarudi. Baba yake ni dalali wa viazi. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo ada yangu imetoka humo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tusome habari za Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia aliowapunja, pamoja, mimi na yeye, jioni ile. Alipofunga likizo alienda kuzungumza na baba yake. Waliambizana nini sijamuuliza, ni mambo ya nyumbani kwao. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile nikiandaa somo najiuliza kwanza litagusa gunia la nani. Maelezo ya kukariri bado nawapa, NECTA haijaondoka.

Kwa hiyo Mama Pacha, ukifika shuleni usiishie kuuliza wana vipindi vingapi vya dini. Muulize mwalimu wa hesabu, au wa kilimo, imani inamhusu vipi katika somo lake. Akishangaa, umepata jibu.

Babu wa Kibosho:
Wanangu, niliingia shule ya misheni 1968. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaja, shule yetu ikawa ya serikali. Seminari ziliachwa, za aina yetu zilichukuliwa. Siku ile tulilia, masista waliotufundisha nao walilia.

Lakini niseme na upande wa pili, kwa sababu nimeishi kuuona. Kabla ya hapo, kijana jirani yangu Mwislamu, mwenye akili kutuzidi wote mtaani, hakuwa na pa kwenda kirahisi. 1971 alikuwa dawati moja na mimi, na hesabu alituongoza. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki na alifundisha shule za kanisa, St. Mary's Tabora na baadaye Pugu, hivyo alijua anachokichukua.

Kilichopotea kwetu si Biblia, kwa sababu vipindi vya dini viliendelea na padre alikuja. Kilichopotea ni watu kuishi palepale. Masista walikuwa wanajua nani hajala, nani ameacha mama mgonjwa. Na jembe pia: misheni walilishika kabla hata ya sera ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa 1967, ingawa mara nyingi lilikuwa adhabu. Mjukuu wangu yuko shule ya kanisa sasa. Nilipomtembelea niliuliza jambo moja tu, walimu wanalala wapi.

Bint Pangani:
Assalaam alaykum na Bwana Yesu asifiwe, nawasalimu wote kwa mlivyo. Mimi ni Mwislamu, nimesoma shule ya Walutheri miaka minne kwa sababu ilikuwa karibu na kwa mjomba na ada yake tuliiweza. Ibada ya asubuhi nilikuwa nakaa na wenzangu, siimbi, nasikiliza. Hakuna aliyenilazimisha. Ramadhani mpishi aliniwekea chakula cha daku bila mimi kuomba. Matroni ndiye aliyemwambia. Mpaka leo nikifuturu namtaja yule mama kwenye dua.

Kilichonisumbua ni kimoja: kwenye somo la dini hapakuwa na mpango kwa ajili yangu, nilipelekwa maktaba. Miaka minne ya maktaba. Nilisoma vitabu vingi lakini nilijiona mgeni kila Jumanne.

Baba Neema:
Nimesubiri kuandika kwa sababu bado linauma. Binti yangu alikuwa shule ya kanisa, sitaitaja. Wastani wa kubaki shuleni pale ni 60. Kidato cha pili akapata 54, kule nje ni alama ya kawaida kabisa. Tukaitwa, tukaambiwa tumtafutie shule nyingine, eti kwa faida yake. Barua ilianza na "Tumsifu Yesu Kristo" na chini yake mstari wa mchungaji mwema.

Mchungaji yule anaacha 99 anamfuata mmoja. Shule ile iliwabakiza 99 ikamtoa mmoja, kisha ikabandika bango la matokeo getini. Mimi ni mzee wa kanisa, sisemi haya kwa kuchukia kanisa. Nasema kwa sababu binti aliniuliza kama Mungu naye ana wastani. Sasa yuko shule ya kata, mwalimu wake wa hesabu anakaa naye mpaka saa 11 jioni bila senti. Amefika 63.

Jirani wa Kakamega:
Huku Kenya tumezoea shule nyingi za umma kuwa na kanisa mfadhili, na Elimu ya Dini ya Kikristo inatahiniwa hadi KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wengi tuliichagua kwa kuwa inaleta alama. Niseme wazi, mimi niliyejifunza imani nilijifunza kwa kasisi wa shule aliyekuwa anatembea mabwenini usiku akiuliza kila mmoja jina la mamake. Baba Neema, pole sana ndugu yangu.

Mama Pacha:
Nimesoma yote mara mbili, na la Baba Neema nimemsomea mume wangu kwa sauti. Amekaa kimya muda mrefu, halafu akasema twende wote Jumamosi.

Tumeandika maswali kwenye karatasi. Walimu wanalala wapi. Mtoto asiye wa dhehebu lao anafanya nini wakati wa kipindi cha dini. Mwalimu wa hesabu tutaomba tuonane naye. Na la mwisho ameliandika baba yao kwa mkono wake: mtoto akipata 54 mnamfanya nini. Mwalimu wa Nyanda, shule yenu inapokea kidato cha kwanza mwezi gani?