Naomba ushauri: nina nusu saa kwa siku, nijiendeleze vipi?

Mpiga Hodi ameandika:

Habari zenu wakuu.

Niende moja kwa moja. Nimeajiriwa, kazi yangu ni kutunza kumbukumbu na hesabu za bidhaa zinazoingia na kutoka. Kazi siichukii, ila najiona nimesimama. Wenzangu tulioanza pamoja wanapewa majukumu mapya, mimi bado ni yule wa "mwambie atutolee ile orodha". Kwenye vikao jibu la kinachoulizwa ninalo kabisa, lakini hadi nimalize kupanga sentensi kichwani mwingine ameshalisema, tena kwa mbwembwe, na sifa anaondoka nazo yeye.

Nikijibana napata kama nusu saa kila siku, wikiendi inaongezeka kidogo. Hela ya kurudi chuo kwa sasa sina, na sitaki kukopa. Vya kusoma havinikosi: simu imejaa video nilizohifadhi za "nitaangalia baadaye", vitabu nilivyopakua ni vingi, na kozi za bure mtandaoni nimejiandikisha kadhaa.

Ninachotaka kujua ni mambo madogo ya kila siku ambayo wewe mwenyewe uliyafanya ukaona yamekusogeza. Maneno ya kutia moyo yanatosha, nayasikia kwenye hizo video. Niambieni nikikaa chini nifanye nini. Yanayonikwaza ni haya: kuandika ripoti ikaeleweka, kuongea mbele za watu, na kuitumia kompyuta kwa hesabu vizuri zaidi ya hivi ninavyoitumia.

Natanguliza shukrani.

Jogoo la Kwanza:

Amka saa kumi alfajiri mkuu. Dunia yote imelala, simu haiiti, hakuna wa kukusumbua. Soma saa nzima kabla ya kazi. Siku 21 mwili utakuwa umezoea, baada ya hapo unaamka hata bila kengele. Wengine watakwambia hadithi nyingi, dawa ni hiyo.

Mama Pacha:

@Jogoo la Kwanza, hiyo saa kumi wewe unalala saa ngapi kaka? Mtu mzima anatakiwa apate usingizi wa muda wa saa 7 au zaidi. Rudi nyuma kuanzia saa kumi, unakuta inabidi awe ameshapitiwa na usingizi saa tatu usiku. Mwenye watoto au anayetoka kazini amechelewa hiyo saa tatu anaitoa wapi? Akilala saa sita akaamka saa kumi, atasoma huku anasinzia, na kile alichosoma jana nacho hakitakaa, maana usingizi ndio unaosaidia ubongo kuhifadhi ulichojifunza mchana.

Mpiga Hodi, usingizi usiuguse. Nusu saa yako itoe kwenye simu. Mimi jioni simu naiacha chumba kingine, kwenye chaji, hadi nimalize jambo langu. Ikiwa mezani, hata kama umeifunika, mkono unaifuata wenyewe.

Mbishi wa Kudumu:

Na hizo siku 21 zinatajwa kila mahali, watu hawajui zilikotoka. Kuna daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake aliowabadilisha sura walichukua si chini ya siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Yeye alisema *si chini ya*. Waliokuja baada yake wakalifuta hilo neno, na suala la pua mpya likageuka sheria ya kila tabia.

Waliopima tabia zenyewe ni watafiti wa University College London, kazi yao ikachapishwa 2009. Watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja dogo la kufanya kila siku, wakafuatiliwa kwa wiki 12. Wastani wa jambo kuwa mazoea ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Waliojipangia kunywa maji walizoea mapema kuliko waliojipangia mazoezi ya mwili. Na kilichonifurahisha mimi: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo mtu akikosa Jumatano asiseme "nimeshaharibu, nitaanza upya mwezi ujao". Alhamisi anaendelea tu.

Jogoo la Kwanza:

Haya, 21 nimeiondoa. Saa kumi alfajiri siiondoi 😂 Mimi nalala saa tatu kweli, wanaonijua wanajua.

Kalamu ya Mkaa:

Mkuu Mpiga Hodi, nimesoma ulichoandika mara mbili. Umetaja video, vitabu na kozi. Vyote hivyo ni vya kuingiza. Sijaona ulipotaja kitu unachokitoa. Ungeniuliza mimi ningesema usiongeze chochote cha kusoma kwa sasa, ile nusu saa nzima iwe ya kuzalisha: kuandika, kusema, kukokotoa. Kusoma kufuate pale unapokwama.

Nianze na ripoti, maana ndiko niliko kila siku. Kuna mbinu ya zamani ya Benjamin Franklin, yule wa Marekani. Shule aliacha akiwa na miaka 10, akawa mwanagenzi kwenye kiwanda cha uchapaji cha kaka yake. Baba yake alimwonyesha kwamba katika mabishano ya barua na rafiki yake, mwenzake alikuwa na lugha nzuri kumshinda. Basi Franklin akachukua makala za gazeti alilolipenda, kila sentensi akaiandikia dokezo fupi la maana yake, akaziweka kando siku chache. Baadaye, bila kuangalia makala, akazijenga upya kutoka kwenye yale madokezo kwa maneno yake. Halafu analinganisha na ya awali, anaona alipopwaya, anasahihisha. Muda wake ulikuwa usiku baada ya kazi, asubuhi kabla ya kazi, na Jumapili. Yaani mtu wa nusu saa kama wewe.

Sasa fanya hivi. Tafuta ripoti moja ya pale kazini ambayo kila mtu anaisifia. Chukua aya moja, isizidi hapo. Pembeni ya daftari andika kila sentensi inafanya kazi gani: hii inataja tatizo, hii inatoa tarakimu, hii inasema nani afanye nini. Maneno yenyewe usiyanakili. Siku mbili tatu baadaye funika ripoti, iandike aya upya kwa madokezo yako, kisha funua ulinganishe. Kwa kawaida utakuta mwenzako alianza na jambo kuu, wewe umelificha sentensi ya nne. Au yeye kaandika "mzigo ulichelewa siku mbili", wewe umeandika "kulijitokeza changamoto ya ucheleweshaji wa mzigo". Hapo huhitaji mwalimu, unajiona mwenyewe.

Ukilifanya hili mara kwa mara utaanza hata kuchukia ripoti zako za zamani. Ni dalili nzuri.

Mpiga Hodi:

@Kalamu ya Mkaa, hiyo "kulijitokeza changamoto" umenipiga picha bila kuniona, asante sana. Swali: nikishaanza kuandika hivyo, vitabu nilivyopakua niviache kabisa? Vingine ni vizuri kweli, ila nikimaliza sura wiki ijayo sikumbuki kitu.

Dafina:

Usiviache kaka, badilisha namna ya kusoma. Ukimaliza kurasa chache, funga kitabu, uandike unachokumbuka. Kitabu kibaki kimefungwa, hiyo ndiyo siri yenyewe. Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walilipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi walipewa maandishi mafupi: kundi moja likasoma na kurudia kusoma, jingine likasoma mara moja kisha likajaribu kukumbuka bila kuangalia, mara tatu. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40.

Unaona mtego ulipo? Kurudia kusoma kunakupa raha ya kudhani umejua, kwa sababu wakati huo huo kweli unajua. Kujipima kunachosha, unaona kama huwezi, na ndiko kunakobakiza kitu.

Mimi hufanya baada ya kusoma, kesho yake dakika mbili, halafu wiki ijayo tena. Kitabu ambacho sijisikii kufanya hivyo najua sikukihitaji, nakiacha.

Mwanahesabu Mstaafu:

Vijana mnaongea vizuri. Naongeza la kompyuta tu, kwa kifupi.

Usianze kozi ya Excel ya saa nyingi. Chukua faili lako la kazi la wiki hii, tengeneza nakala ili usiharibu la ofisi, kisha jiulize: ni kitu gani hapa nakifanya kwa mkono kila wiki? Kama unahesabu kwa macho bidhaa ya aina moja imetoka ngapi, hiyo ni kazi ya fomula ya SUMIF, inayojumlisha tarakimu za aina unayoitaja tu. Tafuta hiyo moja, ihangaikie hadi ikubali, linganisha jibu lake na lile ulilopata kwa mkono. Wiki ijayo kingine. Ukijifunza fomula ambayo kesho utaitumia huisahau. Ukijifunza 30 kwa mpigo utakumbuka majina yake tu.

Sauti ya Nyuma:

Upande wa kuongea, usikimbilie kutafuta jukwaa. Anza na simu. Ukijua kesho kuna kikao na ajenda unaifahamu, jiulize swali moja ambalo lazima litaulizwa, kisha jirekodi ukilijibu kwa dakika mbili. Sentensi ya kwanza iwe jibu lenyewe: "Mzigo umepungua kwa sababu mbili." Sababu zifuate. Wewe unachelewa kwa kuwa unataka kupanga maelezo yote kichwani ndipo ufungue mdomo. Ukiwa na sentensi moja ya jibu unaweza kuanza, mengine yanakuja ukiwa umeshashika zamu.

Halafu sikiliza. Najua, hakuna anayependa sauti yake. Vumilia, hesabu umesema "yaani" mara ngapi na "eeh" mara ngapi. Rekodi tena papo hapo, na kila "yaani" inapotaka kutoka, nyamaza. Kimya cha sekunde moja wewe unakiona kirefu, wasikilizaji hata hawakisikii.

Mbishi wa Kudumu:

Yote sawa, lakini mnampa mzigo. Ripoti, vitabu, fomula, kujirekodi, vyote kwa nusu saa? Wiki ya pili atakuwa ameacha, arudi hapa aseme amekosa nidhamu. Achague moja. Mimi ningeanza na kuongea, maana ndiko anakopotezea sifa.

Kalamu ya Mkaa:

Kuchagua moja nakubali. Ila ningeanza na kuandika. Anayejua kuandika jambo kuu katika sentensi ya kwanza atajua pia kulisema, na kwa mtu mwenye aibu karatasi ni rahisi kuliko kikao.

Mama Pacha:

Chagueni chochote, ila mwambieni pia *lini*. "Nitaandika kila siku" haifanyiki. Mimi husema "watoto wakishalala, kabla sijakaa kwenye kochi, nafungua daftari". Linabebwa na jambo ambalo lazima litokee, sikai kusubiri hamu. Nikishakaa kwenye kochi siku imekwisha hiyo.

Mpiga Hodi:

Wakuu nashukuru sana. Nimeamua kuandika kwanza, nikishafika nyumbani na kubadilisha nguo, kabla ya kushika simu. Fomula nitaziingiza huko huko kazini kwa kuwa ni kazi tayari. La kuongea nitalirudia baadaye. Sasa jambo moja: nani wa kunikosoa? Bosi namwogopa, wenzangu watanicheka.

Kalamu ya Mkaa:

Usimuulize mtu "ripoti yangu ikoje?", atakujibu "iko vizuri" aendelee na mambo yake. Mpe mwenzako mmoja unayemwamini ukurasa mmoja, umwombe apige mstari pale aliposoma mara mbili ndipo akaelewa. Humwombi kukusifia wala kukuponda, na inamchukua dakika tano. Palipopigwa mstari ndipo pa kurekebisha.

Jogoo la Kwanza:

Na asipopatikana, mpelekee mtu wa idara nyingine asiyejua kazi yenu. Huyo ndiye atakayepiga mistari mingi zaidi. Ila mfuate asubuhi, akiwa hajachoka.