Kwa nini hospitali ya mapafu hapa Denver inaitwa ya Wayahudi? Na ile ya barabara ya West Colfax ilikuwa ya nani?

Furaha_wa_Kigoma

Habari zenu wana jukwaa. Naishi Aurora, nafanya ukalimani kwenye kliniki, na wengi ninaowasindikiza ni wakimbizi kutoka Kongo wanaofuatiliwa kifua kikuu. Juzi mama mmoja wa Uvira alipewa rufaa kwenda National Jewish Health. Tulipofika mapokezi akanivuta mkono: "Mwanangu, mimi ni Mpentekoste. Hawa Wayahudi watanipokea?" Walimpokea vizuri sana, ila swali lake limenikaa kichwani.

Halafu kazini kuna dada wa Kiyahudi aliyeniambia kwamba babu wa mama yake, fundi cherehani wa New York, alikuja kutibiwa kifua Denver, lakini si hapo. Alilazwa kwenye hospitali nyingine ya Wayahudi upande wa magharibi, ile ya West Colfax, enzi wagonjwa wakilala kwenye mahema. Sasa kama walishakuwa na moja, ya pili ilikuwa ya nini? Na kumbukumbu za wagonjwa zipo?

Bi_Mkubwa_Lakewood

Furaha mwanangu, umeuliza jambo ninalolipenda. Nimetunza wazee hapa Lakewood miaka mingi, na mmoja wao alikuwa binti wa mgonjwa wa hiyo hospitali ya magharibi. Yeye ndiye aliyeniingiza katika habari hizi.

Anza na watu wenyewe. Kuanzia 1881 Wayahudi wa Urusi na nchi za jirani walikimbia mauaji na umaskini, wakaingia Marekani kwa mamia ya maelfu. Wengi waliishia New York kwenye vyumba visivyo na dirisha, wanalala humo na wanashona humo. Kifua kikuu kiliwashika mafundi cherehani kiasi kwamba watu walikiita ugonjwa wa washonaji. Dawa haikuwepo. Madaktari walisema nenda Colorado, kwenye hewa kavu ya milima. Basi mtu anachangiwa nauli na wenzake wa karakana, anapanda treni, anashuka Denver anatema damu, hana ndugu wala pa kulala. Mshairi David Edelstadt, aliyekuwa mshona matundu ya vifungo vya nguo, alifia Denver mwaka 1892 akiwa na miaka 26. Hospitali ilikuwa bado haijafunguliwa.

Aliyelia na jambo hili ni mama mmoja, Frances Wisebart Jacobs. Alikuwa akiwakuta wagonjwa wameanguka barabarani. Naye alifariki mwaka huo huo wa 1892. Jengo la hospitali lilikamilika, lakini mwaka 1893 bei ya fedha, ile ya migodini, ikaporomoka, uchumi wa Colorado ukalala, na jengo likakaa tupu miaka sita. Lilifunguliwa Desemba 1899 kwa msaada wa B'nai B'rith, chama cha Wayahudi cha kusaidiana, na kanuni yake ilikuwa kwamba anayeweza kulipa haingii, na anayeingia halipi. Mwambie mama wa Uvira hivi: mgonjwa wa kwanza kabisa kulazwa alikuwa mwanamke wa Kiswidi, si Myahudi. Jina ni la waliotoa pesa. Mlango ulikuwa wa watu wa dini zote tangu siku ya kwanza.

Sasa, kwa nini ya pili. Hiyo ya kwanza iliendeshwa na Wayahudi wenye asili ya Ujerumani, watu waliokwisha kutulia na kufanikiwa. Walichukua wagonjwa walio mwanzoni mwa ugonjwa tu, na kwa muda wa miezi sita. Aliyezidiwa alirudishwa. Jikoni hapakuwa na chakula cha kosheri, yaani kilichopikwa kwa sheria za dini ya Kiyahudi, na mtu wa dini aliyetoka kijijini Urusi alikuwa anaona afadhali alale njaa. Mwaka 1904 wahamiaji wenyewe, wafanyakazi wa mikono, baadhi yao wakikohoa, wakachangishana senti na kuanzisha Jewish Consumptives' Relief Society (JCRS), ndiyo hiyo hospitali ya magharibi. Katibu wao alikuwa Daktari Charles Spivak, naye mhamiaji kutoka Urusi. Walianza na mahema kwenye shamba, na waliwapokea wote, hata aliyekuja kufa. Palikuwa na chakula cha kosheri, na mgonjwa aliongea na daktari wake kwa Kiyidishi, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Wewe ni mkalimani, unajua jambo hilo lina uzito gani.

Yule bibi yangu alinisimulia baba yake alivyolala barazani usiku wa theluji, kofia hadi machoni, uso tu uko nje. Asubuhi mayai na maziwa, mchana mayai na maziwa, mpaka akayachukia maisha yake yote. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake cha makohozi, cha karatasi, kikijaa kinachomwa. Ng'ombe na kuku walikuwa wa hospitali yenyewe.

Tabibu_Siha

Shikamoo Bi Mkubwa. Nafanya kazi upande wa Kilimanjaro, ambako hospitali ya Kibong'oto nayo ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, kwenye hewa ya mlima vilevile. Hewa peke yake haiui bakteria. Kilichosaidia ni kupumzika, kula, na kutengwa na familia usiwaambukize. Tiba ilianza na streptomaisini miaka ya 1940, halafu isoniazidi 1952.

Ila niwatetee kidogo wale wa kwanza. Vitanda vichache, wagonjwa wengi: kumchagua anayeweza kupona si ukatili.

Bi_Mkubwa_Lakewood

Marahaba mwanangu. Hesabu yako naielewa, na hata wao waliieleza hivyo. Lakini yule asiyechaguliwa hakupotea hewani. Alikuwa Denver hiyo hiyo, kwenye chumba cha kupanga, akimkoholea mwenye nyumba na watoto wake. Spivak na wenzake walimhesabu na huyo. Zaidi ya hapo hawakutaka mgonjwa ajione ombaomba. Wagonjwa waliandika kwenye jarida la hospitali, walikuwa na maktaba na sinagogi. Mshairi H. Leivick, aliyewahi kutoroka kifungo cha Siberia, alilazwa pale miaka ya 1930 na aliendelea kuandika. Hiyo nayo naihesabu kuwa matibabu.

Furaha_wa_Kigoma

Asante sana Bi Mkubwa, nawe Tabibu. Kumbe mama wa Uvira aliuliza swali la tangu 1899. Na yule dada aanzie wapi kumtafuta babu?

Bi_Mkubwa_Lakewood

Chuo Kikuu cha Denver. Wao ndio wanaotunza majalada ya wagonjwa wa JCRS, na orodha ya majina ipo kwenye intaneti. Ajaribu jina la ukoo kwa tahajia zote anazozijua, maana majina ya Kirusi na Kiyidishi yaliandikwa kila mahali kivyake. Kama babu alifia huku, aangalie pia makaburi ya Golden Hill, hiyo hiyo West Colfax ukielekea mlimani, kwani wengi wasio na ndugu walizikwa huko. Akitaka kwenda na mtu, nitumie ujumbe, nina gari.