Ushairi wa kisasa ulianzia wapi: Paris, Brooklyn au Valparaíso?

Mshororo: Wakuu, vitabu vitatu vya kiada, majibu matatu. Cha Wafaransa kinaanza na Baudelaire wa Paris na diwani yake Les Fleurs du mal, 1857. Cha Wamarekani na Whitman wa Brooklyn na Leaves of Grass, 1855. Cha Kihispania na Darío na Azul..., iliyotoka Valparaíso, Chile, 1888. Nifundishe vipi bila kuegemea upande?

Guni: Tazama kwanza kila kitabu kinapima nini. Mmarekani anapima umbo: Whitman aliacha vina na mizani, akasuka mishororo mirefu kwa takriri. Mfaransa anapima maudhui: Baudelaire aliingiza jiji, uozo na uchovu, ila soneti zake nyingi zina vina kamili na mizani 12 kwa mshororo. Kwa rula ya Whitman, Baudelaire ni mwanamapokeo kabisa! Kila taifa limechagua rula ambayo mtu wake anaishinda.

Kituo: Guni kamaliza la vipimo. Mimi ningefuata tafsiri. Jarida la La Vogue, Paris, 1886, lilichapa Whitman kwa tafsiri ya mshairi Mfaransa Laforgue, na mwaka huohuo likachapa "Marine" na "Mouvement" za Rimbaud, Mfaransa mwingine, zinazohesabiwa kati ya mashairi huru (yasiyo na vina wala mizani) ya mwanzo ya Kifaransa. Hapa ndipo wengi huteleza: wanaona mwaka mmoja, wanasema Rimbaud kamwiga Whitman wa Laforgue. Haiwezekani, Rimbaud aliyaandika miaka ya 1870. Kwa hiyo ubaoni weka safu mbili, mwaka wa kuandikwa na wa kuchapwa, kisha chora mishale ya nani alimsoma nani. Poe wa Marekani anakwenda kwa Baudelaire aliyemtafsiri. Laforgue anakwenda kwa Eliot, mshairi mzaliwa wa Marekani, ambaye mwaka 1922 alifunga sehemu ya kwanza ya shairi lake The Waste Land kwa mshororo wa Baudelaire, kwa Kifaransa chake.

Mshororo: Na Darío?

Guni: Modernismo, harakati yake ya ushairi wa Kihispania, siyo "modernism" ya Kiingereza ya akina Eliot. Ukiziita zote "usasa", darasa litadhani Eliot alichelewa miaka 34. Azul... ya Mnikaragua huyu inafuata Wafaransa, na inatafuta muziki wa lugha. Mshale wake muhimu unavuka bahari kutoka Amerika kwenda Hispania, koloni likimfundisha mkoloni wa zamani.

Kituo: La mwisho, kagua matini yenyewe. Toleo la 1855 la Leaves of Grass ya Whitman lilikuwa na mashairi 12 tu. Kitabu kikitaja mwaka huo halafu kikaweka "O Captain! My Captain!", hilo ni la 1865, tena lina vina.