Mrejesho: Picha za machweo Nungwi na kivuli cha anga kilichopotea

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini picha zangu za machweo huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, zilitoka zimepauka, na kwa nini anga niliyoiona kwa macho ikijiakisi kwenye mchanga uliolowa haikuonekana ndani ya picha. Nashukuru kwa majibu, hasa la yule aliyeniuliza kama nimefunga kichujio cha polaraiza kwenye lenzi.

Nilikuwa nimekifunga, tena kwa fahari, bila kujua kwamba kazi yake ni kukata mng'ao wa maji, yaani kile kile nilichokuwa nakitafuta. Nimekivua. Mizani ya rangi nayo, yaani mpangilio wa kamera unaosawazisha rangi kulingana na mwanga, nimeitoa kwenye otomatiki, iliyokuwa ikifuta wekundu wa anga kana kwamba ni kasoro, nikaiweka kwenye mwanga wa mchana.

Nilirudi siku ya bamvua (maji makubwa) la mwezi mpevu, kwa kuwa siku hizo maji hujaa alasiri na kufikia magharibi yameshaanza kupwa, yakiacha mchanga laini unaong'aa kama kioo. Nilishusha kamera karibu na ardhi, nikatumia stendi ya miguu mitatu, ISO 100 (wepesi mdogo wa kupokea mwanga), tundu la lenzi f/8 na shata wazi kwa sekunde mbili. Picha bora niliipata kama dakika kumi na tano baada ya jua kuzama, wakati watalii wengi walikwishaondoka.

Linalonisumbua sasa ni chumvi kwenye lenzi.