MREJESHO: Laptop iliyoibiwa hosteli imepatikana, ila bila diski

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza namna ya kulinda laptop hapa hosteli, mkaniambia niweke Prey (programu ya kufuatilia laptop ikiibiwa), pasiwedi ya BIOS (mipangilio ya kuwashia mashine) na akaunti ya mgeni isiyo na pasiwedi ili mwizi aingie mtandaoni. Nikaweka vyote, wiki ya pili tu wakapita nayo! Siku tatu kimya, ya nne ikaja ripoti ya Prey, ramani inaonyesha duara kubwa tu pale Sinza, haisaidii kitu, ila picha ya kamera ina nusu sikio la mtu na nyuma yake kibao cha fundi simu. Nikaenda na RB na askari tukaikuta mezani, SSD (diski yenye mafaili yangu) washachomoa. Aliyesema nifanye bakapu nilimpuuza, ripoti yangu ya fildi ndo imeenda hivyo. Asanteni sana.